Tuta la Ufukwe Namba Arobaini na Moja

Miaka hamsini na moja ya Learco Pironi kwenye mchanga ilipewa alama tatu. Tatu kati ya mia, kwenye zabuni ya ufukwe wake mwenyewe. Kampuni ya Milano, ambayo haijawahi kumtoa hata mtoto mmoja majini wala kukunja mwavuli upepo ukiwa umechachamaa, ilipewa kumi na nane kwa kitu kilichoitwa "dira ya utalii endelevu".

"Marzia, hebu soma wewe," Learco alimwambia binti yake, kidole chake kikiwa kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani katika korido ya halmashauri. "Miwani nimeiacha baa. Hiyo ni tatu au thelathini?"

"Ni tatu, baba."

"Labda sifuri imefutika."

"Haijafutika. Twende zetu."

Hakwenda. Alisogea kwenye dirisha la kioo ambako karani alikuwa akigonga mihuri. Mwanamke yule alimfahamu tangu akiwa na miaka sita, alipokuwa akilia akiogopa mawimbi, na Learco akamshika tumbo kwa kiganja kimoja mpaka akajua kuelea.

"Hizi alama tatu ni za nini?"

"Ni za uzoefu, Learco."

"Uzoefu wa nani? Wa paka wangu?"

"Uzoefu unapimwa kwa vyeti. Faili lako lilikuwa na cheti kimoja, cha uokoaji, na muda wake ulikwisha mwaka juzi." Karani hakumtazama usoni. "Kama hukuridhika, kuna rufaa. Siku thelathini. Ila inabidi uwe na wakili."

"Nilikufundisha kuogelea."

"Najua. Nakushukuru. Lakini naomba usiegemee kioo, kinaacha alama."

Nyuma yake watu wanne walikuwa kwenye foleni, na wote walikuwa watu wa Torre Saracca, watu waliokuwa wakimsalimia kwa jina kila asubuhi. Wote waligundua ghafla kwamba simu zao zina jambo la maana la kusoma.

*

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Kibali cha ufukwe namba arobaini na moja, mita arobaini za mchanga wa serikali, safu tisa za miavuli, vyumba ishirini na vinne vya kubadilishia nguo, na baa yenye jina la marehemu mkewe, Nives, kingemtoka Learco usiku wa kuamkia mwaka mpya. Vyumba vilikuwa vya mbao, hivyo angeweza kuving'oa na kuondoka navyo. Baa haikuwa ya mbao.

Ilikuwa ya matofali. Mwaka 1988 Nives alichoka na mbao zinazovimba kila masika, akasema anataka ukuta ambao hautoi uyoga, na wakaujenga wao wenyewe majira yote ya baridi, yeye akibeba ndoo za zege huku mimba ya Marzia ikiwa na miezi mitano. Majirani walijenga kwa mbao na skrubu. Wao walijenga ili idumu. Na sheria inasema kinachong'oleka ni chako, kisichong'oleka ni cha serikali siku kibali kinapokwisha, bila senti, na serikali inampa anayekuja. Kwa hiyo wale waliojenga hovyo waliondoka na mali yao, na yule aliyejenga vizuri aliondoka na funguo za kurudisha.

"Shemeji, hata mwizi huacha kuta," alisema Iader, ndugu wa Nives, mwenye ufukwe namba arobaini na mbili. Alikuwa amekaa jikoni kwa Learco na kofia kichwani, anakata mkate wa piada vipande vipande bila kula. Zabuni ya ufukwe wake ilipangwa mwaka unaofuata, na tangu ajue hivyo alikuwa amepungua kilo sita. "Ni Brussels hao, hao Umoja wa Ulaya. Watu ambao mchanga wameuona kwenye kisanduku cha kunyea paka. Wanakaa huko kwenye mvua, wanatuamulia namna ya kupanga miavuli."

"Si Brussels, mjomba," alisema Marzia.

"Ni Brussels! Kila nchi ijiamulie utalii wake. Mjerumani anakuja huku kwa sababu huku si Ujerumani. Wakishaweka sheria moja toka Ureno mpaka Finland, atakuja kufanya nini? Kula soseji?"

"Brussels walisema ufukwe wa umma ushindaniwe. Walisema lini? Mimi nilikuwa binti wa sekondari. Sasa nina miaka thelathini na tano. Nani alitwambia tulale?"

Jibu lilikuwa limekaa juu ya jokofu, kwenye fremu: picha ya Learco na mheshimiwa Gherardo Scalvini, mbunge wao kule Roma, wameshikana mabega, dagaa wa kuchoma mbele yao. Kila Agosti, miaka kumi na minne mfululizo, Scalvini alikuja kula chakula cha jioni ufukweni kwa Learco, bure, na watu wake kumi, bure, na kabla ya kahawa akapanda juu ya kiti akasema maneno yale yale. Maadamu Roma ndiyo inayoamua, hakuna mkono kutoka Brussels utakaogusa hata punje ya mchanga huu. Watu wakapiga makofi. Wengine walilia. Roma ikaongeza muda wa vibali, ikaongeza tena, ikaongeza tena, na kila walipoongeza, Scalvini alipiga simu mwenyewe.

"Miaka miwili iliyopita nilikuletea mtaalamu wa mambo ya zabuni," Marzia aliendelea. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomchoma baba yake zaidi. "Mwanamke yule wa Forlì. Alisema tuanze vyeti mapema, tuchore mpango, tusajili ushirika na mjomba. Ukampigia Scalvini. Akasemaje?"

"Akasema nisipoteze hela."

"Akasema usipoteze hela. Halafu zabuni ikatangazwa, tukawa na siku tisa. Siku tisa, baba, katikati ya Julai, miavuli imejaa. Kama sheria ingetoka huko moja kwa moja bila kupitia mikononi mwa watu wa Roma, tungeijua sura yake tangu zamani. Tungejiandaa. Tungeshindwa labda, lakini si kwa alama tatu."

"Kwa hiyo uko upande wao."

"Mimi naangalia nani ametudanganya na nani hakutudanganya. Brussels hawajawahi kula dagaa wetu."

Iader alicheka kidogo bila kutaka. Learco hakucheka. Aliinuka, akaitoa picha juu ya jokofu, akaiweka kwenye kiti, akaikalia. Kioo kikalia chini yake, na akakaa hivyo hivyo mpaka Iader alipoaga.

Siku hiyo hiyo, kwenye televisheni ya mkoa, Scalvini alitangaza kwamba hagombei tena ubunge wa Roma. Anagombea bunge la Ulaya, uchaguzi wa Juni. "Vita vya fukwe zetu," alisema, tai yake ikiwa na rangi ya bahari, "vinapiganwa Brussels. Huko ndiko kunakoamuliwa. Nipelekeni huko."

Learco alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akazima televisheni kwa upole, kama mtu anayemfunika mgonjwa shuka.

*

Kijana wa Milano alikuja mwishoni mwa Septemba, wakati miavuli ya safu ya mbele bado ina watu. Jina lake Edoardo. Alivaa viatu vyeupe vya ngozi na alikuwa na kifaa cha kupimia kinachotoa nukta nyekundu. Nukta ile ilipita juu ya matumbo ya wateja, juu ya kikapu cha bibi Wilma, ambaye alikuwa na mwavuli ule ule tangu enzi za mama yake, ikaishia kwenye ukuta wa baa.

"Samahani, mzee," Edoardo alisema, simu ikiwa mbele ya uso wake. "Unaingia kwenye picha."

"Niko kwenye hiyo picha toka mwaka sabini na tatu."

"Dakika moja tu. Sogea kulia. Hapo bado. Kiti nacho, kama hutojali."

Learco alikiinua kiti chake na kusogea. Akasogea tena. Wateja walimtazama akibeba kiti huku na huku kama mhudumu aliyekosea meza. Bibi Wilma alitaka kusema kitu, lakini mjukuu wake alimgusa mkono.

Edoardo aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. "Matofali kabisa? Hongera. Siku hizi hawajengi hivi. Hii itatufaa sana." Akageuka kwa Marzia aliyekuwa nyuma ya mashine ya kahawa. "Na wewe ndiye Marzia? Nimesikia wateja wanakuja kwa ajili yako. Sisi tutahitaji meneja wa baa. Mkataba wa msimu, miezi sita, sare tunatoa sisi."

Alisema hivyo mbele ya baba mtu, kwa furaha, kama anayegawa peremende.

Jioni wakikunja miavuli, Learco alimuuliza bintiye alichojibu.

"Nimekubali."

"Utawapikia kahawa?"

"Kahawa ile ile, kwenye mashine ile ile, ndani ya kuta zile zile. Unataka nifanye nini, baba? Nina mkopo wa nyumba. Mimi sina umri wa kukasirika tu."

"Mama yako alibeba zege kwenye hizo kuta."

"Akiwa amenibeba na mimi. Najua. Umenisimulia kila Krismasi." Alivuta kamba ya mwavuli kwa nguvu kupita kiasi. "Sasa niache nipate hata mshahara wa kukaa ndani yake."

Learco alikunja mwavuli wa mwisho. Lakini kitu kilikuwa kimeanza kujipanga ndani yake, kama mchanga unavyojipanga nyuma ya jiwe, na hakuhitaji kukiharakisha. Alikuwa na mpaka Desemba.

*

Pwani ile kila vuli hujengewa tuta. Bahari ya Adria wakati wa kiangazi ni sahani ya supu, lakini upepo wa kusini-mashariki ukikutana na mwezi mpevu mwezi wa Desemba, inapanda, na fukwe zile zimelala chini kama mkeka. Kwa hiyo kabla ya katikati ya Novemba wenye fukwe hukodi tingatinga, husukuma mchanga kutoka chini kuja juu, na kujenga ukuta wa mchanga wenye kimo cha mita tatu, unaopita mbele ya fukwe zote kumi na moja za Torre Saracca, bila pengo. Halmashauri hutoa amri, lakini amri haijawahi kuhitajika. Na kwa miaka ishirini na sita anayeendesha tingatinga lile ni Learco, kwa sababu mkono wake unajua mchanga mkavu na mchanga wenye maji kwa sauti ya sepetu tu.

Mwaka huo pia alipanda. Alijenga kuanzia namba thelathini na tano. Alijenga vizuri kuliko miaka yote, akalilaza tuta kwa mwinamo ule unaofaa, akaligandamiza mara mbili. Alipofika mwisho wa namba arobaini akaligeuza. Badala ya kuendelea mbele ya baa ya Nives, tuta likakunja kona, likapanda kuelekea barabarani, likaishia kwenye ukuta wa zege wa kituo cha pampu. Akazunguka, akaanza tena namba arobaini na mbili, na huko nako akalikunja vile vile. Mwisho wa siku tatu kulikuwa na tuta refu zuri lenye mlango katikati, na mlango huo ulikuwa na mabawa mawili. Yeyote anayeingia angekaa humo humo, asingetoka kwenda kwa jirani.

Iader alikuja mbio, buti zimefunguka kamba.

"Umesahau kipande, shemeji."

"Sijasahau."

"Umeacha mlango."

"Nimemwachia mgeni. Si mnasema sisi ni watu wa kukaribisha wageni?" Learco alishuka kwenye tingatinga, akajipangusa. "Kwako maji hayafiki. Nimekupigia bawa la mita nne. Pima."

Iader hakupima. Alitazama baa, kuta zake nyeupe, madirisha yaliyofungwa kwa mbao. Alijua kila tofali, maana alikuwa kijana wa miaka ishirini siku zile na alikuwa akimtania dada yake kwamba anajenga benki.

"Ni ya Nives."

"Nives ndiye angeendesha hili tingatinga mwenyewe."

"Watakuona. Amri ya halmashauri inasema tuta zima."

"Nani atakayeniona? Tangu alama zitoke, kuna mtu wa halmashauri amekuja kunitazama? Mimi nimeshafutwa, Iader. Mtu aliyefutwa ana faida moja, anaweza kufanya kazi kwa nafasi."

"Na Marzia? Kuta zikiondoka, kazi yake itakuwa wapi?"

Learco alifunga mlango wa tingatinga. Hakuwa amelisahau hilo. Alikuwa ameliweka kwenye mizani, na mizani ikaegemea upande mwingine, na hilo lilimtisha kidogo, lakini halikumrudisha nyuma.

"Bora mwanangu asiwe na kazi kuliko awe mtumishi ndani ya nyumba ya mama yake," alisema.

"Umemuuliza yeye?"

"Wewe uliniuliza ulipomfundisha kuvuta sigara?"

"Usilete utani hapa!"

"Basi nenda kwako. Uko salama."

Iader alikwenda. Hakumwambia mtu. Lakini kila asubuhi alikuja kusimama kwenye bawa la tuta, anaitazama bahari kama mtu anayesubiri matokeo ya hospitali.

*

Bahari ilikuja tarehe kumi na mbili Desemba, saa tatu asubuhi, mchana kweupe, na haikuwa na haraka. Ilipanda mpaka miguuni mwa tuta, ikaligusagusa hapa na pale kama mtu anayetafuta kitasa, ikaupata mlango. Baada ya hapo ilifanya kazi yake kwa saa tano. Learco alikuwa amesimama kwenye paa la kituo cha pampu na koti la mvua, mikono mifukoni. Aliona vyumba vya mbao, ambavyo hakuving'oa kwa makusudi, vikielea na kugongana. Aliona mlango wa baa ukifunguka kwa ndani. Mawimbi yalichimba chini ya sakafu kwanza. Saruji nzuri ya mwaka 1988 ikabaki inaning'inia hewani, ikavumilia, ikavumilia, halafu ukuta wa kaskazini ukapiga magoti.

Hakulia. Alihesabu kuta. Ya nne ilipoanguka, saa nane kasorobo, alisema kwa sauti, "Haya, Milano, gonga tena," na upepo ukampokonya maneno yake.

Kwa majirani hapakuingia hata kikombe kimoja cha maji.

*

Alichokuwa hakijui ni hiki: kwamba kuna mfuko. Kila bahari inapoharibu, mkoa unapima, unaandika, unapeleka Roma, Roma inapeleka Brussels, na Brussels ina fungu la maafa. Aliyeharibiwa na bahari anajengewa. Na kwa kuwa baa ilikuwa inahamia kwa kampuni siku kumi na tisa tu baadaye, atakayejengewa ni kampuni.

Edoardo ndiye aliyemweleza, siku nne baada ya dhoruba, akiwa amevaa buti mpya. Alikuwa mchangamfu kuliko Septemba. "Mzee, pole sana. Lakini usihuzunike. Tulipanga kukarabati kwa hela zetu. Sasa tunajenga upya kwa hela ya Ulaya. Kioo kitupu, mbao, paa la nyasi. Marzia atakuwa na baa mara mbili ya ile."

Learco alimtazama. Kisha akatazama kifusi.

Kwa hiyo ndivyo ilivyo, alijiambia. Umewachimbia shimo, na wao wamelitia mfukoni.

Saa tano asubuhi hiyo walikuja wote. Alikuja mhandisi wa mkoa, mama Bernabini, buti za mpira na ubao wa kuandikia. Alikuja afisa wa pwani na kofia yake nyeupe. Alikuja mheshimiwa Scalvini na mpiga picha na binti mmoja wa redio, na koti refu lililofungwa mkanda. Wenye fukwe walikuwa wamekusanyika kando ya barabara, Iader miongoni mwao. Marzia alisimama karibu na Edoardo. Alikuwa amelia siku mbili, sasa alikuwa amemaliza.

Scalvini alipanda juu ya kifusi. Alichagua kipande kilichokuwa kaunta ya baa.

"Ndugu zangu," alisema, "leo nimeumia pamoja nanyi. Hapa nimekula, hapa nimecheka. Na hapa nawaahidi: kila euro ya mfuko wa maafa itakuja hapa, kwa sababu mimi mwenyewe nitakuwa Brussels kuileta. Fukwe zetu haziwezi kuachiwa Roma peke yake. Roma iko mbali."

"Roma ilikuwa karibu Agosti," alisema mtu kutoka nyuma, na wengine wakaguna.

Mhandisi Bernabini hakuwa akisikiliza hotuba. Alikuwa anatembea. Alipanda bawa la kushoto, akashuka, akapanda la kulia, akasimama mlangoni pale ambapo bahari iliingilia. Alichora kitu. Kisha akauliza, si kwa ukali, kama mtu anayeuliza njia:

"Hapa tuta lilibomolewa na mawimbi?"

Wenye fukwe kumi wakatazama chini. Walilijua tuta lile wote. Walilipita kila siku mwezi mzima.

"Mawimbi, mama," Iader alisema haraka. "Yalikuja kama treni."

"Bila shaka mawimbi," alisema Edoardo.

"Nani asiyejua bahari hii?" alisema Scalvini kutoka juu, akanyoosha mkono kumwita Learco. "Njoo, rafiki yangu wa zamani. Njoo hapa tupige picha, watu waone nani ameumia."

Learco alipanda. Njiani alipita mbele ya Marzia, na Marzia alimshika mkono wa koti. Alimjua baba yake. Aliona kwamba anakwenda kusema.

"Baba," alinong'ona. "Nyamaza. Nakuomba. Ukinyamaza mambo yote yanaisha. Hakuna atakayekuuliza. Mimi ninapata kazi, wewe unapata pensheni, tunalala."

Alikuwa anasema kweli yote, na Learco alijua ni kweli yote. Aliutoa mkono wa bintiye taratibu, kidole kimoja kimoja.

Alipofika juu hakuushika mkono wa mheshimiwa. Ulibaki umenyooka hewani, na mpiga picha akaupiga hivyo hivyo.

"Mama mhandisi," Learco aliita. "Tuta halikubomolewa. Halikujengwa. Niliacha pengo mimi mwenyewe, kwa tingatinga, tarehe kumi na nne Novemba. Na hayo mabawa ni yangu, ili maji yasiende kwa watu."

Mtu mmoja barabarani alitamka jina la Mungu. Scalvini alicheka kicheko kifupi, akamwekea mkono begani. "Tumwelewe, ndugu zangu. Ni mtu mzima, amefiwa na mkewe, amechanganyikiwa na—"

"Mke wangu alikufa miaka sita iliyopita, mheshimiwa. Wewe hukuja kuzika, ulituma shada. Akili zangu ziko hapa." Aliuondoa ule mkono kama anavyoondoa kaa kwenye wavu. "Miaka kumi na minne umesimama juu ya viti vyangu ukatwambia Roma ndiyo inayoamua, tulale. Sasa umesimama juu ya kaunta yangu unasema Brussels ndiyo inayoamua, tukupe kura. Sijui nani anastahili kuamua mambo ya hizi pwani. Sikusoma. Binti yangu anajua, mimi nilikuwa simsikilizi. Lakini mita hizi arobaini, vuli hii, niliamua mimi. Hakuna maafa hapa. Hakuna mfuko. Kama Milano wanataka baa, wanunue matofali."

Edoardo alikuwa amekwisha kuitoa simu, anarudi nyuma kwenye mchanga uliolowa, anasema, "Subiri, subiri, kuna tatizo," huku buti mpya zikizama. Binti wa redio hakuzima chombo chake. Scalvini alishuka kwenye kifusi kwa mguu wa kushoto, akateleza, akashika msumari, na hakuna hata mtu mmoja kati ya wale waliokula naye dagaa aliyempa mkono.

Afisa wa pwani alisogea. "Mzee Pironi, unaelewa unachokisema? Ni kosa la jinai. Kifusi hiki kuondolewa ni juu yako. Zaidi ya euro elfu thelathini."

"Naelewa."

"Na unasema ulifanya kwa makusudi?" mhandisi aliuliza. Kalamu yake ilikuwa imesimama juu ya karatasi, kama vile alitaka kumpa nafasi.

"Andika kwa makusudi. Kama una neno zito kuliko hilo, andika hilo."

Waliandika wakiwa wameegemea boneti ya gari la mkoa. Learco alisaini kila ukurasa, jina lote, bila miwani, kwa herufi kubwa. Iader alikuwa amevua kofia, anaizungusha mikononi. Marzia hakukaribia. Alipanda gari lao dogo, akawasha, akakaa ameshika usukani na macho mbele. Learco alipoinua kichwa baada ya ukurasa wa mwisho, walitazamana kupitia kioo. Hakumwomba msamaha, kwa sababu angerudia tena kesho, na Marzia aliliona hilo usoni mwake kama mtu anavyosoma tangazo. Akatia gia, akaondoka peke yake.

Kutoka pale mpaka nyumbani ni kilomita tatu. Learco alizitembea kwa miguu, upepo ukimpiga ubavuni, polepole, akiwapita watu waliokuwa wamekwisha kusikia redio na waliosimama milangoni bila kujua wamsalimie vipi. Mbele ya duka la mikate alisimama. Njaa ilikuwa imemshika, njaa ya kweli, ya mtu aliyetoka kazini.